Kiduara Kilichozunguka Siku Moja: Kwa Nini Mgomo wa Websaiti Ulishinda 2014 Ukashindwa 2017

Septemba 10, 2014 ukifungua Reddit, Etsy, Kickstarter, Vimeo, hata Netflix, ulikuwa unakutana na kile kiduara cha kusubiri, kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kubaki na MB 12 saa tano usiku anakijua vizuri, kinazunguka weee na hakifiki popote. Ilikuwa picha tu. Websaiti zenyewe zilikuwa zinafunguka kwa spidi ile ile ya kila siku, ila waliopanga jambo lile, vikundi kama Fight for the Future, Free Press na Demand Progress, walitaka Mmarekani aone kwa macho yake intaneti itakavyokuwa kama kampuni zinazomuuzia hiyo intaneti zitaachiwa ziamue nani apite haraka na nani akae foleni. Ukibonyeza kile kiduara unapelekwa sehemu ya kumwandikia mbunge wako au kumpigia simu. Zaidi ya websaiti 10,000 ziliweka alama ile siku hiyo, simu zaidi ya laki tatu zikapigwa bungeni, imeili zaidi ya milioni mbili zikatumwa. Miezi mitano baadaye wakashinda, kanuni za kuulinda usawa wa mtandao zikapitishwa.

Miaka mitatu baadaye wakarudia karibu kitu kile kile, wakiwa na majina makubwa zaidi na kelele kubwa zaidi, wakashindwa. Mimi hii hadithi imenikaa kichwani muda mrefu kwa sababu maelezo ninayosikia kila mara ni kwamba serikali ilibadilika, basi. Ni kweli ilibadilika, nitafika huko, ila naona kuna kitu kingine kilibadilika na hakisemwi sana, nacho ni wagomaji wenyewe.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Usawa wa mtandao maana yake kampuni inayokuuzia intaneti ibebe kila kitu kwa usawa, iwe ni video ya kampuni tajiri, blogu ya mwalimu wa kijijini au websaiti ya mshindani wake, isizuie, isipunguze spidi makusudi, isichukue hela kwa mtu ili apite mbele ya wengine. Kwa mtu wa Dar naeleza hivi: chukulia njia ya mwendokasi, sasa badala ya kupita basi la abiria wote inapita gari ya yeyote aliyemlipa mwenye barabara, na wewe mwenye kibanda chako unabaki kwenye foleni ya Ubungo mpaka wateja wako wakate tamaa waende kwa yule aliyelipa. Jina lenyewe la kitaalamu lilitoka kwa profesa wa sheria anaitwa Tim Wu mwaka 2003, lakini wasiwasi haukuwa wa kwenye makaratasi. Mwaka 2007 iligundulika kwamba Comcast, kampuni kubwa ya kebo, ilikuwa inavuruga watu wanaotumia BitTorrent, njia ya watu kupitishiana mafaili makubwa mtandaoni, kimya kimya bila kuwaambia. Shirika la habari la AP likajaribu lenyewe kupitisha faili la Biblia ya King James kwa njia hiyo, likakwama. Biblia, yaani faili ambalo halina wa kulidai hakimiliki Marekani.

FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ambayo ndo kama TCRA yao, iliwabana Comcast mwaka 2008, mahakama 2010 ikasema hamna mamlaka hayo. FCC ikatunga kanuni mpya mwaka huo huo, Verizon, kampuni kubwa ya simu na intaneti, wakaenda mahakamani, Januari 14, 2014 kanuni nazo zikaanguka. Kwa hiyo 2014 Marekani ilikuwa haina ulinzi wa maana, na haikuchukua muda, Februari Netflix wakakubali kuilipa Comcast ili video zao zifike vizuri kwa wateja. Mei mwenyekiti wa FCC, Tom Wheeler, akaleta pendekezo ambalo kwa lugha ya kawaida lilikuwa linafungua mlango wa hiyo njia ya waliolipa. Na Wheeler alikuwa ametokea kwenye kuzitetea kampuni hizo hizo, alishawahi kuongoza chama cha kampuni za kebo na baadaye chama cha kampuni za simu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kutegemea mema.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma kidogo, Januari 18, 2012, kwa sababu wagomaji wa 2014 walijifunzia pale. Ile haikuwa ya usawa wa mtandao, ilikuwa ya miswada miwili ya hakimiliki, SOPA na PIPA, ambayo ingezipa mahakama nguvu ya kuamuru websaiti nzima zizuiwe. Wikipedia ya Kiingereza ikajizima saa 24. Sio bango la juu ya ukurasa, ilijizima kweli, mwanafunzi mwenye mtihani kesho yake anafungua anakuta ukurasa mweusi na sehemu ya kutafuta namba ya mbunge wake. Reddit wakazima saa 12. Google wakafunika jina lao kwa mstari mweusi. Wikimedia walisema ukurasa ule mweusi ulionekana mara zaidi ya milioni 160 na watu milioni nane wakatafuta mawasiliano ya wawakilishi wao. Baada ya siku mbili tu kura zikaahirishwa, na hazikurudi. Wabunge waliokuwa wamesaini kuunga mkono walijitoa, wa vyama vyote viwili. Hili la vyama vyote viwili naomba ulishike.

Mimi nikiangalia 2012 naona mtu aliyegoma na akapoteza kitu. Wikipedia kazi yake pekee duniani ni kupatikana, na siku ile ilikubali kutopatikana. Ndo maana mtu wa kawaida, ambaye hata hajui mswada ni nini, alishtuka. Alinyimwa kitu anachokihitaji na anayemnyima ni yule anayempa bure kila siku, kwa hiyo hakukasirika na Wikipedia, alitaka kujua ni nani aliyewafikisha hapo.

2014 hawakuzima. Hapo tayari kuna kupungua kwa uchungu, kiduara cha picha sio giza, na wapo waliosema wakati ule kwamba kama kweli mnaamini basi punguzeni spidi kweli. Ila angalia waliokuwa mbele. Etsy ni soko la watu wanaouza vitu walivyotengeneza kwa mikono yao, shanga, vikapu, sweta, muuzaji yupo nyumbani kwake na faida yake ni ndogo. Kickstarter ni sehemu ya kuchangishana hela za mradi. Hawa hawakuwa na uwezo wa kulipa njia ya haraka, na wakasema hivyo waziwazi mbele ya FCC. Walikuwa wanapigania shingo zao. Hata Netflix, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa imetoka kulipa miezi michache kabla na kidonda kilikuwa kibichi. Mtu anayeogopa kufa anaongea tofauti na mtu anayeunga mkono jambo, na msikilizaji anajua tofauti hiyo hata kama hawezi kuieleza.

Maoni yaliyofika FCC mwaka ule yalikaribia milioni nne. Kabla ya hapo, Juni, mfumo wao wa kupokea maoni ulishazidiwa baada ya mchekeshaji John Oliver kulieleza suala lenyewe kwenye kipindi chake cha televisheni na kuwaomba watazamaji waandike. Novemba 10 Rais Obama akatoka hadharani akaiomba FCC iiweke intaneti kwenye kundi moja na huduma za simu chini ya sheria ya mwaka 1934, ambapo mtoa huduma hana ruhusa ya kubagua. Februari 26, 2015 FCC ikapiga kura, tatu kwa mbili, na kura ya tatu ilikuwa ya Wheeler yule yule. Hilo kwangu ndo la kukumbuka kuliko kiduara. Mtu aliyelelewa na kampuni za kebo alisukumwa mpaka akasaini kanuni kali kuliko zote zilizowahi kutungwa dhidi yao.

Twende 2017. Trump kaingia, mwenyekiti wa FCC ni Ajit Pai, ambaye aliwahi kuwa mwanasheria ndani ya Verizon na mwaka 2015 alipiga kura ya hapana. Anasema waziwazi kwamba anafuta kanuni. Julai 12 wakaitisha siku ya mtandao mzima kuzitetea, na safari hii orodha inatisha, Amazon, Google, Facebook, Twitter, Netflix, Airbnb, Reddit, wote wapo. Ukitazama orodha unasema hawa wakigoma nchi inasimama. Hawakugoma. Facebook viongozi wakaandika posti. Google wakaandika makala na kuwatumia imeili waliojiandikisha. Amazon wakaweka kiungo, Netflix bango juu ya ukurasa. Waliojitahidi zaidi walikuwa wale wale wa siku zote, Reddit waliofanya maandishi ya kwenye ukurasa wao yajichape taratibu ili uone kero, na websaiti ndogo ndogo maelfu. Hata AT&T wakatangaza kwamba nao wanashiriki, kampuni ambayo ilikuwa inapinga kanuni zenyewe. Jamani, ukiona adui yako anaweza kuingia kwenye maandamano yako bila kubadilisha chochote, basi maandamano hayo hayamdai mtu kitu.

Na kuna jambo lilishatokea wiki chache kabla ambalo kwangu linaeleza mengi. Mkurugenzi wa Netflix, Reed Hastings, alisema kwenye mkutano mmoja mwezi Mei 2017 kwamba usawa wa mtandao sio tena vita kuu ya kampuni yake kwa sababu sasa ni kubwa kiasi cha kupata mikataba inayoitaka. Simlaumu kwa kusema kweli, tena afadhali yeye aliyesema. Lakini ndo hapo sasa. Njia ya haraka iliyokuwa inawatisha 2014, kufikia 2017 wenyewe ndo wangekuwa wa kwanza kuipita, na mtu mdogo anayetaka kuanzisha Netflix nyingine ndo angebaki Ubungo. Jeshi lililosimama mstari wa mbele lilikuwa la watu ambao wakishindwa hawaumii. Mimi naamini hata kama Pai asingesikiliza, wabunge wangesikiliza kama siku ile Google ingejizima saa moja tu. Saa moja! Haikutokea, na haikutokea kwa sababu saa moja ya Google ina bei, na jambo lenyewe halikuwa na thamani hiyo kwao tena.

Alafu kuna lile la maoni ya uongo, ambalo linanisikitisha kwa namna ya peke yake. FCC walipokea maoni zaidi ya milioni 22 mwaka 2017. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York ikachunguza miaka kadhaa, ripoti ikatoka Mei 2021, na ikakuta karibu milioni 18 ni feki. Milioni 8.5 zilitokana na kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, majina na anwani za watu halisi yakitumika bila wao kujua. Lakini nyingine milioni 7.7 ziliandikwa na mwanafunzi mmoja wa chuo wa miaka 19, kwa programu inayotunga majina, na huyu alikuwa anautetea usawa wa mtandao. Yaani upande wetu, nasema wetu kwa sababu mimi nina upande kwenye hili, nao ulichafua kisima. Fomu ya maoni ndo ilikuwa silaha ya mnyonge 2014, mtu asiyemjua yeyote Washington alikuwa anaandika sentensi zake tatu na zinahesabika. Baada ya 2017 ofisa yeyote asiyetaka kusikia ana kisingizio tayari. Aliyeandika kwa moyo wake, labda mkutubi au mama anayesoma chuo kwa mtandao, sauti yake ilizama katikati ya milioni 18 feki.

Desemba 14, 2017, tatu kwa mbili, kanuni zikafutwa, na Juni 11, 2018 ufutaji ukaanza kazi.

Sasa wanaosema ni siasa za vyama tu nawajibu hivi. Ni kweli kwamba makamishna wa FCC hupiga kura kwa chama, 2015 tatu kwa mbili, 2017 tatu kwa mbili, 2024 waliporudisha kanuni chini ya mwenyekiti wa wakati huo, Jessica Rosenworcel, tatu kwa mbili tena, utadhani ni mlango wa duka. Lakini kumbuka 2012, wabunge wa vyama vyote walikimbia. Na Mei 2018 Seneti yenyewe iliyokuwa mikononi mwa Republican, chama cha Trump, ilipiga kura 52 kwa 47 kupinga uamuzi wa Pai, maseneta watatu wa Republican wakiwa ndani, ikaja kufia upande wa pili wa bunge ambako haikuletwa hata kupigiwa kura. Kwa hiyo mlango wa kuvuka chama ulikuwepo. Msukumo ndo haukutosha. Na kanuni za 2024 hazikumaliza mwaka, Januari 2, 2025 mahakama ya rufaa ikazifuta, ikitumia hukumu iliyotolewa Juni 2024 na Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyopunguza nguvu za taasisi kama FCC kutafsiri sheria. Kilichobaki ni sheria za majimbo kama California, waliotunga ya kwao Septemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya nchi kusikia kwamba kikosi cha zimamoto cha Santa Clara kilipunguziwa spidi na Verizon katikati ya kupambana na moto mkubwa. Verizon walisema ni kosa la huduma kwa wateja wala halihusiani na usawa wa mtandao, na kisheria huenda wana hoja, ila zimamoto hawakuwa na sehemu ya kupeleka malalamiko yao haraka, hiyo ndo hoja ya watu wa California.

Walioshinda na ushindi ukakaa ni India. Machi 2015 mamlaka yao ya mawasiliano, TRAI, ilitoa waraka wa maswali 20 kuomba maoni, umeandikwa kwa lugha ya kumchosha mtu. Vijana wa kujitolea wakakaa, wakauchambua, wakaandika majibu, wakaweka kwenye websaiti ambayo unabonyeza unapeleka kwa jina lako na imeili yako. Zaidi ya imeili milioni moja zikaenda ndani ya wiki chache. Katikati ya hapo Airtel wakatangaza Airtel Zero, ambapo apu ikimlipa Airtel basi mteja anaitumia bila kukatwa MB, na Flipkart, duka kubwa la mtandaoni, lilikuwa kwenye mazungumzo ya kuingia. Watu wakaenda kwenye apu ya Flipkart wakaishushia nyota, moja moja, maelfu. Aprili 14 Flipkart wakajitoa. Angalia tofauti, kule Marekani 2017 watu waliomba kampuni kubwa ziwasemee, India waliifanya kampuni kubwa iumie mpaka ikachagua upande. Februari 8, 2016 TRAI wakapiga marufuku bei za kubagua, na Free Basics ya Facebook, mpango wa kufungua websaiti chache zilizochaguliwa bila kukatwa MB, pamoja na matangazo yote waliyomwaga, ikawa imeishia hapo.

Free Basics hiyo hiyo, wakati ule ikiitwa Internet.org, iliingia Tanzania Oktoba 2014 kupitia Tigo, Kenya Novemba kupitia Airtel. Sisi hatukusema kitu, na sidhani ni kwa sababu hatujali. Ilikuja ikiwa zawadi. Mtu asiye na hela ya vocha unamwambia chukua hii bure, utamwelezaje kwamba ni ukuta? Hata Wikipedia, shujaa wa 2012, ilikuwa na mpango wake wa Wikipedia Zero katika nchi za aina yetu kuanzia mwaka huo huo wa 2012 hadi 2018, kusoma bila kukatwa bando, na nakiri kwamba mimi ningekuwa mwanafunzi Kigoma ningeutumia bila kujiuliza mara mbili. Hapa sina jibu jepesi. Ninachojua ni kilichompata mama yangu mdogo.

Mama mdogo yupo Ifakara, analima mpunga, na bando lake ni la WhatsApp tu kwa sababu ndo la bei anayoiweza. Msimu mmoja kwenye grupu la wakulima mtu akatuma kiungo cha tangazo kuhusu mbegu. Kila mtu kwenye grupu anaona kichwa cha habari, hakuna anayeweza kufungua, kwa sababu ukitoka nje ya WhatsApp huna intaneti. Wakaanza kuulizana lililoandikwa mle ndani, mmoja akasema hivi mwingine vile, mpaka likageuka kitu kingine kabisa. Akanipigia simu niisome kwa sauti. Nilimsomea. Aliniuliza swali moja, mbona picha za harusi zinafunguka na hili la mbegu halifunguki, mwanangu, nani aliyepanga hivyo?

Na pale inapokuwa serikali ndo inabagua, watu wetu hawakukaa kimya. Julai 2018 Uganda walianza kutoza shilingi 200 kwa siku ili mtu atumie WhatsApp, Facebook au Twitter, watu wakaingia barabarani Kampala, wengi wakahamia VPN, apu za kukwepa kizuizi, na 2021 kodi ile ikaondolewa ikawekwa ya asilimia 12 kwenye data yote. Kwa hiyo kuona tunaona. Ila mgomo wa websaiti kwetu una ugumu ambao Etsy hawakuwa nao. Juni 2018, mwezi ule ule kanuni za Marekani zilipokufa, JamiiForums ilijizima kwa muda baada ya TCRA kutaka wenye blogu na majukwaa wote wasajiliwe na kulipia leseni. Mwenye websaiti wa Tanzania giza analijua, tena la kuamriwa. Kumwambia alichague mwenyewe, kwa ajili ya bei ya bando la mtu wa Ifakara, ni kumwomba kitu kikubwa sana, na sijui ningemtazama vipi nikimwomba wakati mimi sina websaiti ya kuzima.

Lakini ningeanza na kidogo. Vyombo vya habari vya mtandaoni vikubaliane siku moja, kiungo chochote kitakachotumwa WhatsApp siku hiyo kichwa chake kiseme tu: hii habari ipo, bando lako halikuruhusu kuifungua, iulize kampuni yako ya simu kwa nini. Hakihitaji kujizima, hakihitaji kuvunja kanuni yoyote, na kitafika kwenye simu ya kila aliyefungiwa humo ndani. Mama mdogo angekiona, na namjua, angepiga huduma kwa wateja kabla ya saa nne asubuhi.